Picha zilikuwa zinafifia: jinsi nilivyotatua

Kwenye maabara huku Marekani nachunguza maji yanavyopoza fimbo ya metali ya zirkoni yenye joto la nyuzi 600, mfano wa fimbo za fueli kinu cha nyuklia kikirudishiwa maji baada ya ajali. Utando wa mvuke huizunguka fimbo, kisha hupasuka ghafla. Hapo ndipo penye uhondo wote.

Kamera ilipiga picha 10,000 kwa sekunde, lakini kila baada ya picha 83 hivi giza liliingia. Siku tatu nikahangaika na kamera. Kumbe 10,000 ukigawa kwa 83 unapata kama 120, na taa ya umeme wa hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde) hufifia mara mbili kila mzunguko, yaani mara 120 kwa sekunde! Nikaweka taa ya LED ya betri, isiyofifia hivyo, nyuma ya chombo, na mbele ya taa karatasi nyeupe ya kutawanya mwanga. Sasa naona utando ukitetemeka kabla haujapasuka.