Tulivyovuka Maji Watu 14

Nilipewa usimamizi wa safari kwa sababu moja tu: katika kikoba chetu chote hapa Morogoro, mimi peke yangu ndiye niliyewahi kufika Unguja. Nilifika mara moja, msibani, nikarudi na boti ya kesho yake. Mji Mkongwe wenyewe niliuona kupitia dirisha la daladala. Kwa wenzangu hiyo ilitosha kunifanya mwenyeji.

Tulikuwa wanawake 14. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 27 na mkubwa 71, huyo tunamwita Bibi hata sisi ambao si wajukuu zake. Kabla ya safari hiyo Bibi hakuwahi kuiona bahari. Alisema wazi kwamba hatapanda kitu chochote kinachoelea mpaka amuone anayekiendesha.

Pesa haikutusumbua sana, kwa kuwa kukusanya pesa ndiyo kazi yetu. Kila Jumapili, mbali na hisa, kila mmoja alitoa shilingi 5,000 ya safari. Baada ya wiki 52 kila mtu alikuwa na 260,000, na kikundi kina 3,640,000. Ziliwekwa kwenye akaunti ya kikundi ya kwenye simu, ile ambayo haitoi hata senti mpaka viongozi watatu waidhinishe. Nilikataa katakata kukaa na fedha taslimu nyumbani. Nina mume, nina watoto, na nina mashemeji.

Kilichonitoa jasho ni majina. Tiketi ya treni ya SGR inataka jina la kwenye kitambulisho, na ya boti vilevile. Nikapita na daftari nyumba kwa nyumba, na ndipo nikagundua kwamba watu ninaokopeshana nao pesa kwa miaka sita siwajui majina. Wote ni mama fulani, jina la mtoto wa kwanza, basi. Mmoja jina lake la kitambulisho hata yeye alikuwa karibu kulisahau. Wawili walikuwa na namba ya NIDA bila kadi, mwingine herufi za kadi zilikuwa zimefutika kwa kukaa kwenye pochi moja na sarafu. Kazi hiyo ilinila wiki tatu. Anayepanga safari ya kundi aanze hapo, nauli na hoteli zije baadaye.

Kosa langu kubwa lilikuwa tarehe. Tulichagua Juni kwa kuwa shule zimefungwa na walimu wawili wa kikundi wako huru. Sikuuliza upepo. Sisi watu wa milimani tunajua mvua, hatujui kusi, ule upepo unaochafua bahari miezi hiyo.

Treni ilitufikisha Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili, tena kwa utulivu uliotudanganya. Pale bandarini boti ilikuwa bado, na wengine wakaona wapitishe muda kwa chipsi mayai. Nilinyamaza, na hilo najilaumu. Tulipotoka nje ya mlango wa bandari, chombo kikaanza kupanda na kushuka, na chipsi zile zote zikarudi. Mabaharia walipita wakigawa mifuko kwa uso wa mtu anayegawa magazeti. Mmoja akanishauri niwahamishe wagonjwa kutoka mbele, waje chini, katikati kuelekea nyuma, ambako boti hairuki sana. Nikawahamisha mmoja mmoja, nikiwashika kiuno. Bibi, ambaye asubuhi alikula kipande cha mhogo na chai ya tangawizi tu, alikaa wima mpaka mwisho, akituangalia kwa huruma.

"Kusi hilo, mama," baharia yule aliniambia tulipokuwa tunashuka. "Mngengoja demani, kusi likishalegea, mngeona bahari imelala."

Nilimshukuru. Ningefanya nini tena?

Getini bandarini walitupokea mapapasi, vijana wanaowaganda wageni mpaka wapate chochote. Kundi la kanga 14 zinazofanana halijifichi. Nilikuwa nimeshakubaliana na wenzangu kwamba anayejibu ni mmoja, mimi, na jibu ni salamu na "tumeshapokelewa." Ilifaa.

Hatukuwa tumepokelewa. Nyumba ya wageni tuliyoahidiwa vyumba saba ilikuwa na vitano. Kijana wa mapokezi alikuwa mpole na hakuwa na la kufanya. Hapo ndipo nilipofurahi kwamba nilikuwa nimelipa theluthi tu, ingawa mweka hazina wetu alitaka tumalize yote tupunguziwe. Tuliacha watu kumi pale, wanne tukaenda nyumba ya jirani, na fedha ya vyumba viwili ikakatwa kwenye deni lililobaki. Jambo jingine: bei nyingi Mji Mkongwe wakati ule zilitajwa kwa dola. Uliza bei ya mkaazi, uliza kwa Kiswahili, na usione haya.

Jioni hiyo niliwapoteza watu wawili.

Niliwaambia kwamba anayepotea aelekee Minara Miwili, ndivyo wenyeji wanavyoliita kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu. Kutoka baharini minara ile inaonekana wazi, nikadhani nimepata alama ya maana. Ukishaingia vichochoroni huioni. Kuta ni ndefu, njia ni nyembamba, anga yenyewe unaiona kama utepe, na kila kona inafanana na uliyotoka. Wale wawili walisimama kutazama mlango wenye njumu za shaba, wakainua macho, hatupo. Tukawapata baada ya saa nzima wamekaa barazani kwa mama mmoja, wanakunywa kahawa, na wala hawana habari kwamba sisi tumeshaanza kulia.

"Wageni wangu hawajapotea," mama yule akatuambia. "Mmepotea nyinyi."

Kesho yake nikabadilisha. Kila mtu akapewa pacha wake, na mahali pa kukutana pakawa Mtini, ule mti mkubwa wa ukingoni mwa bahari ambao kila mwenyeji anaujua na ambao kuufikia ni kufuata pwani tu. Hakupotea mtu tena.

Chakula nitakipitia haraka. Bustani ya Forodhani, pale pwani, usiku panapendeza, lakini uliza bei kabla pweza hajakatwa. Asubuhi na mchana tulikula sokoni Darajani, kwa urojo, ule mchuzi mzito wa Unguja, na boflo, yaani mkate, kwa nusu ya fedha. Muuzaji aliponiuliza kama nataka mbatata nyingi nilisita, kumbe anasema viazi.

Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la sultani lililoporomoka sehemu Desemba 2020, tuliitazama kwa nje. Siku ya pili tukaenda Mkunazini, kanisa la Anglikana lilipo leo, palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Kuna vyumba chini ya ardhi ambavyo mtembezaji alituambia watu walifungiwa humo. Kuingia ni kuinama. Mpaka pale tulikuwa kundi la kelele, mtu akijikwaa wote tunacheka. Alipoeleza kuwa wengi waliletwa kwa miguu kutoka bara mpaka pwani, Bibi akauliza walipita wapi. Mtembezaji akataja njia ya misafara, Ujiji, Tabora, hadi Bagamoyo. Bibi akasema, "Basi walipita kwetu." Ni kweli, njia ile ilikatiza Morogoro. Tulitoka nje na kwa muda mrefu hakuna aliyefungua mdomo, hata wale walimu wawili.

Mchana tulivuka kwenda kisiwa cha Changuu kwa boti mbili. Bibi alimkagua nahodha kama alivyoahidi, akamuuliza ana watoto wangapi, akaridhika. Kisiwani lipo jengo la gereza la miaka ya 1890 ambalo lilikuja kutumika kama karantini, lakini watu wote huenda kwa ajili ya kobe wakubwa, ambao asili yao ni Shelisheli. Migongoni wameandikwa umri kwa rangi. Bibi alizunguka akisoma namba mpaka akampata mmoja aliyevuka miaka mia moja. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo," akamwambia, akampa jani la mboga.

Kurudi kulikuwa rahisi. Hakuna aliyegusa chipsi bandarini, na wote tulikaa chini katikati, tukitafuna tangawizi kama mbuzi.

Jumapili iliyofuata nilisoma hesabu mbele ya kikundi, risiti kwa risiti. Zilibaki shilingi 98,000, yaani 7,000 kwa kila mtu. Nikazigawa pale pale ili pasiwe na maneno. Bibi alizirudisha mezani. Akasema nifungue ukurasa mpya wa safari, nimwandike wa kwanza, nami niandike jina la kwenye kitambulisho.