Kori gassi, na nazi niliyodhani naijua

Leo Jumapili nimepika kori gassi mbele ya mama yangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nirejee kutoka India. Mama amekuja Dar es Salaam kutoka Pangani kukaa nasi wiki mbili, na kama kawaida yake hakuja mikono mitupu: kapu lilikuwa na nazi 6, kavu na nzito, zenye maji yanayocheza ndani ukizitikisa sikioni. Nilipoziona tu niliamua kwamba mbili kati yake zitaingia kwenye mchuzi huu.

Kwa Kitulu, lugha ya watu wa Mangalore na vijiji vinavyouzunguka mji huo katika pwani ya kusini-magharibi ya India, kori ni kuku na gassi ni mchuzi mzito wa nazi. Nilisoma huko miaka minne, na miaka mitatu kati ya hiyo nilipanga chumba katika nyumba ya mama mmoja wa jamii ya Bunt, watu wenye asili ya kilimo cha mpunga ambao chakula hiki kinahesabiwa kuwa chao hasa. Wapangaji wote tulimwita Amma. Ndani ya nyumba alizungumza Kitulu, na jirani yake Mkatoliki alizungumza Kikonkani, na akienda kwenye ofisi za serikali alizungumza Kikannada. Nami niliyekuwa sijui hata moja kati ya hizo alinifundisha kwa mikono, akinishika kiganja na kunitilia mbegu za giligilani ili nikadirie mwenyewe uzito wake.

Nilikwenda kule nikiamini kwamba nazi naijua. Mtoto wa Pangani hukalia mbuzi kabla hajajua kusoma, na utaratibu wetu nilikuwa nao kichwani kama sala: unakuna, unakamua kasimile unaiweka kando, unatia maji tena unapata tui jepesi la kupikia, kisha machicha unawamwagia kuku uani. Kwetu sisi nazi ni tui, na kinachobaki kwenye kifumbu ni takataka. Siku ya kwanza nilipomwona Amma anaimimina nazi nzima iliyokunwa ndani ya kikaango kikavu, anaigeuzageuza mpaka inabadilika rangi, kisha anaisaga yote pamoja na viungo juu ya jiwe, nilidhani amesahau kuikamua. Nilikaa kimya kwa heshima. Jioni nilipoonja ndipo nilipoelewa kwamba ule uzito wa mchuzi, ule unaoganda kwenye nyama wala usitiririke sahanini, hautokani na tui peke yake, bali na nyama ya nazi yenyewe iliyokaangwa na kusagwa mpaka ikalainika kama siagi.

Kwa hiyo leo, mama alipokwisha kukuna nazi ya kwanza na kuanza kutafuta kifumbu kabatini, nilimwambia, “Hii hatuikamui, mama. Tunaisaga yote.” Akanitazama. “Mwanangu, mchuzi utakuwa na chenga.” Nilimwomba anivumilie, naye akavuta kigoda karibu na jiko ili ashuhudie.

Ukaangaji wa viungo ndio kazi yenyewe, na hapo sikubali njia ya mkato. Amma hakuwahi kuvichanganya viungo kikaangoni, kwa sababu kila mbegu ina muda wake: giligilani ni nene na huchelewa, bizari nyembamba huwahi, na uwatu ukizidi nusu dakika tu huwa mchungu na kuuharibu mchuzi wote, wala hakuna sukari itakayouokoa. Nilikaanga vijiko viwili vikubwa vya giligilani, kijiko kidogo cha bizari nyembamba, kijiko kidogo cha pilipili manga, punje chache za haradali, na robo ya kijiko kidogo cha uwatu, kila kimoja peke yake kwa tone la mafuta ya nazi, moto ukiwa mdogo kabisa. Dalili ya giligilani kuiva si rangi bali harufu: kwanza inanukia majani mabichi, kisha kwa ghafla inageuka na kunukia kama ganda la chungwa lililokaushwa juani, na hapo hapo unaiepua.

Pilipili ndizo zilizonipa taabu miaka yote hii. Kule hutumia pilipili za Byadgi, zinazoitwa kwa jina la mji mmoja wa Karnataka, jimbo lilelile la Mangalore. Ni ndefu, zimekunjamana kama ngozi ya kidole kilicholowa, nyekundu mno, lakini hazina ukali mkubwa, ndiyo maana mtu anaweza kutia 15 kwenye kuku mmoja na watoto wakala. Mara ya kwanza kupika hapa Dar es Salaam nilitumia pilipili zetu zilizokaushwa, na hatukuweza kula. Nilipozipunguza, ukali ukapungua na rangi ikatoweka, nikapata mchuzi wa kijivu usio na uhai. Siku hizi hununua pilipili za Kashmiri kwenye maduka ya Wahindi, ambazo zina tabia inayokaribiana na zile, na leo nilitia 12 baada ya kuzitoa mbegu. Huwa nafikiri jinsi pilipili hizi zilivyo wageni hata huko India: zilitoka Amerika na kuingia kwa meli za Wareno, wale wale waliopata rubani Malindi mwaka 1498 wakavuka hadi Calicut, na kabla yao ukali wa vyakula vya pwani ile ulitegemea pilipili manga. Ndiyo maana naiheshimu pilipili manga katika mchuzi huu na sikubali kuiacha.

Nazi ikaja mwisho. Nilianza kuikaanga, simu ikalia, nikageuka kwa muda mfupi tu, na pembeni ikaungua. Nilitaka kuendelea nayo, lakini mama, ambaye dakika chache kabla alikuwa hataki hata kusikia habari ya kukaanga nazi, akasema, “Mwaga, tukune nyingine,” na akarudi kwenye mbuzi bila kunung'unika. Ya pili sikuiacha. Dakika 10 nzima niliigeuza kwa mwiko, ikatoka weupe, ikawa rangi ya majani ya chai yenye maziwa mengi, kisha ikawa kahawia, na mafuta yake yakaanza kung'aa kwenye kikaango. Nilisaga kila kitu kwenye blenda pamoja na punje 6 za kitunguu saumu, manjano, ukwaju kidogo na maji kiasi, nikasaga tena, na tena. Mama alichovya kidole, akasugua rojo kati ya kidole gumba na cha shahada akitafuta zile chenga. Hakusema neno.

Yaliyobaki ni mepesi. Vitunguu vilikaangwa, kuku wa kienyeji akaingia na chumvi na kupikwa kwa tui jepesi la nazi ya tatu muda wa saa moja na ushei, kisha rojo likafuata na kuchemka taratibu mpaka mafuta mekundu yakaelea juu. Kasimile niliitia mwisho kabisa, nikakoroga na kuepua mara mchuzi ulipoanza kutoa mvuke, maana ukiiacha itokote tui hukatika. Hilo halikuhitaji kufundishwa na Amma, mama alinifundisha zamani. Juu yake nilimimina samli iliyokaangiwa kitunguu na yale majani ya mchuzi ambayo Wahindi wetu huyaita karipata.

Mangalore huliwa na rotti, karatasi kavu za mchele zinazovunjika kama kioo na kulainika zikimwagiwa mchuzi, lakini hapa sijaziona. Nilipika neer dosa badala yake, na neer kwa Kitulu ni maji: mchele ulioloweka usiku kucha, ukasagwa na kuzimuliwa mpaka ukawa mwepesi kama maziwa, bila hamira, ukamwagwa kwenye kikaango cha moto na kuiva upande mmoja tu. Mama alisema ni chila zilizokonda.

Alikula tatu. Kisha akainuka kimya, akachukua bakuli lenye mfuniko, akajaza vipande viwili vya mapaja na mchuzi mwingi, akaliweka kwenye friji nyuma ya maziwa. Nilipomuuliza akasema kesho asubuhi anataka kulijaribu na bada, ugali wa muhogo, na kwamba nazi tatu zilizobaki kapuni mtu asiziguse.