Simba Habweki Ovyo

Nauza viungo kwa simu. Iliki, mdalasini na pilipili manga kutoka Amani, milimani juu ya Muheza. Nafungasha nyumbani hapa Sahare, Tanga, na wateja karibu wote nawapata WhatsApp na Instagram. Kazi ya kutangaza mtandaoni nimejifunza kwa watu wengi, ila aliyenifundisha zaidi ni mbwa wetu, Simba.

Jioni nikigusa tu kifuniko cha sufuria yake, keshafika, mate yanamdondoka. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa usagaji wa chakula tumboni, aliona mbwa wakitoa mate kwa dalili tu ya chakula. Akaona na upande wa pili, ambao sisi wafanyabiashara hatuutazami: dalili ikirudiwa mno bila chakula kufuata, mate hukauka. Sasa fungua stetasi za wauzaji. "Mzigo mpya unashuka kesho!" Kesho hakuna kitu. Kesho kutwa tangazo lile lile. Mteja hagombi wala hatukani, anapita tu kama hajaona. Ndiyo maana sitangazi iliki mpaka kiroba kiwe kimeshuka kwenye basi, nimekifungua na nimenusa. Na nikitangaza, naweka bei. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" inanikera kwa kweli. Mtu ana haja na fedha anazo, unamwongezea safari ya nini?

Lakini fundisho kubwa ni la kubweka. Muuza samaki wa asubuhi, watoto wa madrasa, bodaboda anayechukua vifurushi, wote Simba anawajua kwa harufu na kwa mwendo kabla hawajafika getini, na hawapigii kelele. Mzee jirani yetu ni mtu wa msikitini, hataki mbwa amsogelee. Siku moja aliniita, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huyo wako akibweka usiku, nami huamka. Najua lipo jambo."

Niliguswa sana. Mbwa hampendi, lakini sauti yake anaiamini, kwa kuwa haijamwamsha bure. Hicho ndicho ninachokitaka kwa wateja, na hakipatikani kwa kununua wafuasi. Muuzaji anayeposti kutwa kucha, leo wigi, kesho viwanja, usiku dawa za kupunguza tumbo, siku akipata kitu cha maana nani atainua kichwa?

Na Simba naye kamjua mzee. Akimwona anakuja na kanzu yake, hujilaza pembeni mpaka apite. Hakuzaliwa akijua, tulimfundisha akashika. Adabu hiyo ndiyo inayokosekana kwenye magrupu: unaamka asubuhi umeshaingizwa grupu la vitenge na mtu usiyemjua hata jina. WhatsApp yenyewe imeweka mpaka, maana ujumbe wa orodha ya kawaida ya matangazo humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Wengi wanauona usumbufu. Mimi naupenda mpaka huo. Mteja akinunua mara ya kwanza namwambia, ukiridhika na iliki, hifadhi namba yangu. Asipohifadhi, basi, simfuatifuati. Orodha yangu ni fupi, ila waliomo hujibu: mama ntilie wa Ngamiani, wapishi wa pilau za harusi, na dada mmoja wa Dar anayeuza chai ya maziwa, ambaye huniuliza mzigo kabla sijaposti.

Rafiki zangu wananishauri nimpige picha Simba kando ya vikapu vya viungo, eti laiki zitamiminika. Zitamiminika, sina shaka. Lakini sehemu kubwa ya wateja wangu ni Waislamu wa mwambao, na chakula karibu na mdomo wa mbwa hawakikubali. Watanyamaza kwa heshima, na hawataagiza tena. Kwa hiyo viungo vinafungashwa chumba ambacho Simba haingii, picha nazipiga humo humo, na posti ya wiki hii ni pilipili manga mpya, ya kilo na ya robo kilo, bei imeandikwa.