Simba akutana na mtunzaji wake mpya

Leo asubuhi nimemkutanisha mbwa wetu, Simba, na kijana atakayemlisha na kumtembeza kwa wiki 2 nitakazokuwa Mombasa kwa mama.

Sikutaka wakutane nyumbani, maana akiwa getini Simba ni askari na hasikii la mtu. Tulikutana barabarani, tukatembea sambamba hadi Msitu wa Karura, kamba ikiwa mkononi mwangu.

Kijana hakumkazia macho wala hakumpapasa kichwa kama wageni wengi wafanyavyo; alichuchumaa upande, akaacha mkono uning'inie, akaendelea kuniuliza habari za dawa ya kupe kana kwamba hapakuwa na mbwa hapo.

Simba alinusa viatu, akanusa kiganja, kisha akaegemeza ubavu wake wote kwenye goti la yule kijana na kushusha pumzi ndefu.

Nikamkabidhi kamba.

Walikwenda hatua kama 20, na Simba hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilifarijika, ingawa nakiri kwamba wivu nao ulinichoma kidogo.

Ndugu zangu mnaofuga mbwa, wenu walichukua muda gani kumzoea mtu mpya?