Ukuta wa msana: chokaa imeshika mara ya tatu

Alfajiri ya leo nimepapasa ukuta wa msana wa tini, yaani ukumbi mrefu mwembamba wa chini, pale pembeni unapopakana na choo, na kiganja kimerudi kikavu. Hakuna unga mweupe wala chembe ya mchanga. Hii ni wiki ya sita tangu tumalize tabaka la mwisho, na masika yamepamba moto. Mwaka jana wakati kama huu plasta ilikuwa ikianguka juu ya mikeka, vipande vizima kama magamba ya mkate wa mofa. Kwa hiyo naandika leo, kabla furaha haijapoa.

Nyumba yenyewe sitaieleza sana. Ni ya mawe, iko mtaa wa Mkomani, Lamu, ina daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (kiingilio), kiwanda (ua wa katikati), misana miwili na ndani (chumba cha nyuma kabisa), kama jirani zake. Kuta ni za matumbawe, boriti ni za mikoko, na hakuna chumba kinachofika upana wa mita 3 kwa sababu boriti haziendi zaidi ya hapo. Anayekarabati nyumba za mtaa huu anajua mengine yote.

Makosa yalianzia kwenye karatasi. Fundi wa kwanza aliniandikia makadirio: "plasta na chokaa, ukuta mmoja." Nikafurahi. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambamo chokaa ndiyo iliyoshikanisha jiwe na jiwe, kwa hiyo nilisoma "plasta ya chokaa". Yeye alikusudia plasta ya saruji, kisha chokaa ya maji ya kupaka juu yake. Kwa lugha yake ya kazi hakukosea, na kwa lugha yangu mimi sikukosea. Ila "na" moja ilinigharimu ukuta mzima na mwaka mzima, na bado inaniuma.

Tangu hapo nina daftari la maneno, na silipi kazi kabla neno halijafafanuliwa. Sakafu, kwa mfano. Kwa mafundi waliozoea kujenga kwa matofali ya kisasa, sakafu ni pale unapokanyaga, na kilicho juu ya kichwa ni slabu. Kwa fundi mzee niliye naye sasa, ambaye namwita Ami, sakafu ni chokaa na kokoto zilizopigwa kwa vipande vya mbao hadi zikashikana, hata ikiwa ni kule juu kabisa mnakoanika nguo. Mmoja akisema "sakafu inavuja" mwingine anatazama chini. Lenta na kizingiti nayo ni mtihani: lenta ni ile ya zege na nondo juu ya mlango, lakini ukisema kizingiti tu, mmoja anaelewa cha juu na mwingine anaelewa kile unachovuka kwa mguu. Sasa nasema "kizingiti cha juu" au "cha chini", basi. Na dipisii, ile nailoni nzito au lami inayolazwa juu ya msingi ili maji ya ardhini yasipande, katika nyumba hizi haipo kabisa. Fundi anayeanza na "tutaangalia dipisii yako" hajaijua nyumba anayoitazama.

Hapo ndipo lilipo tatizo langu lote. Ukuta wa matumbawe umesimama ardhini bila kizuizi, una vinyweleo kama sponji, na unavuta maji. Maji yanapanda na chumvi yake. Ukuta ukiwa wa chokaa, maji yanatoka kwa upole kwenye uso wake na kukauka. Ukiufunika kwa saruji umeuziba mdomo. Maji yanaendelea kupanda hadi yapate upenyo, chumvi inagandia nyuma ya plasta, na kila inapoganda inatanuka na kusukuma. Ndiyo maana plasta inafura kwanza, ukiigonga inalia kama ngoma, kisha inabambuka.

Lakini kabla sijakubali hivyo nilimtuhumu kila aliyekuwa karibu. Nilianza na birika la chooni, maana liko nyuma ya ukuta ule ule. Nililijaza jioni, nikapiga alama ya penseli kwenye usawa wa maji, nikakataza mtu kuchota. Kesho yake jioni maji yalikuwa pale pale kwenye alama, na vile visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu vikizunguka kama kawaida. Birika likaachiliwa. Nikashuku paa. Nikabandika kipande cha nailoni ukutani, nusu mita toka chini, nikakizungushia utepe pande zote nne. Baada ya siku mbili kilikuwa na matone kwa ndani, yaani upande wa ukuta. Nikabandika kingine karibu na dari: kikavu. Basi si mvua ya juu. Ami alikuja akatazama vipande vyote viwili, akagusa ule unga mweupe kwa ncha ya ulimi, akatema. "Mwanangu, mai yapanda toka tini," akasema, na huo ndio ulikuwa mwisho wa uchunguzi.

Kuibandua saruji kulichukua siku nne kwa tindo na nyundo. Inang'ang'ania mahali pasipotakiwa na kuondoka na ngozi ya jiwe. Chumvi tuliisugua kwa brashi kavu na kuizoa. Hili nalisisitiza kwa wenzangu: usiioshe kwa maji, utairudisha ilikotoka. Tuliufuata ule weupe hadi ulipokoma, tukapanda nusu mita zaidi.

Jaribio la kwanza la chokaa lilianguka kwa sababu ya mchanga. Niliona mchanga laini ukinivutia macho, nikadhani ndio utakaotoa uso mzuri. Chokaa ikakauka na nyufa kama tope la bwawa lililokauka. Mchanga laini mtupu hauna mifupa. Unahitajika wenye punje kubwa na ndogo zilizochanganyika, na uwe umeoshwa. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi ndiyo adui tuliyemtoa.

Jaribio la pili mchanga ulikuwa sawa, sehemu 3 kwa 1 ya chokaa, na chokaa yenyewe ilikuwa imelala ndani ya pipa chini ya maji wiki tatu hadi ikawa laini kama samli. Nilikuwa na uhakika. Nikasahau kaskazi. Upepo ule unaingia kiwandani na kufagia msana toka asubuhi, na jiwe kavu kwa ndani linanyonya. Chokaa ilikuwa ikikaushwa pande mbili. Na chokaa haishiki kwa kukauka. Inashika kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe, na inahitaji unyevu wakati wote wa safari hiyo. Ikikauka mapema inabaki unga. Nilipitisha kidole, ikafuatana na kidole. Usiku ule sikupata usingizi.

Mara ya tatu tulifanya kama Ami alivyotaka tangu mwanzo. Tuliulowesha ukuta jioni na tena asubuhi. Mashimo makubwa tulitomea kwanza kwa vijiwe na chokaa ili plasta isiwe nene mahali pamoja na nyembamba pengine. Tabaka la kwanza halikuzidi sentimita moja, likachanwa mistari likiwa bado bichi. Tukatundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, yasiuguse, na kila aliyepita nyumbani akapewa kazi ya kuyanyunyizia. Mama alifanya zaidi yetu sote. Baada ya siku kumi, tabaka la pili, magunia tena. La tatu lilikuwa jembamba, la chokaa nyingi zaidi, likasuguliwa kwa mwiko wa mbao.

Kuhusu mwiko: ule wa chuma bapa unaopendwa kwa saruji niliuweka kando. Unakamua chokaa yote juu, uso unang'aa na kujifunga. Wa mbao unaacha uso wazi. Na kwa kupima usawa wa ukuta mrefu, mpira wa maji unaoonyesha ndani unaishinda pima maji ya duka kila mara, mradi uutoe mapovu. Timazi nimeitumia kidogo tu. Kuta hizi hazijanyooka kwa kamba, na ukizilazimisha unaishia kujaza sentimita nne za plasta, na plasta nene inapasuka.

Mpango ulikuwa nikimaliza hapa nihamie jikoni, kizingiti cha juu kimekatika na nimekishikilia kwa nguzo ya mkoko tangu Desemba. Lakini wakati tukibandua saruji, tindo ilizama. Nyuma yake mlikuwa na mawe yaliyotiwa ovyo ovyo, na nyuma ya mawe, shimo la mraba lenye tao dogo juu. Kidaka. Kimezibwa wakati fulani na mtu aliyetaka ukuta uliosawazika. Nilipoingiza mkono nikakuta chokaa ya zamani ndani yake, ngumu, nyeupe, na kwenye ukingo mmoja bado mna nakshi, vitone vitatu na mstari. Mkono wa fundi aliyechonga nakshi ile ulifanya kazi kwenye chokaa mbichi kwa haraka, kabla haijashika, na umebaki pale.

Basi jikoni kutangoja. Ami anasema vidaka haviwi kimoja, na akigonga kwa mpini wa nyundo kuna sehemu mbili zaidi zinazotoa sauti ya utupu kwa usawa ule ule. Nimeshazipigia alama ya penseli. Chokaa mpya imeingia kwenye pipa jana, punda wa mchanga wanakuja Jumamosi, na nimeazima kisu kidogo cha kuchongea kwa seremala wa milango ili nijaribu vitone vitatu na mstari kwenye kibao kwanza.