Ukija kufanya kazi Kampala, usichanganye "justify" na "rationalise"

Ndugu zangu mnaojiandaa kuja Kampala, jueni kwamba ofisi za huku zinaendeshwa kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini barua za kazi bado ni Kiingereza. Sisi tuliotoka Tanzania tunasumbuliwa zaidi na vitenzi viwili, "justify" na "rationalise", kwa sababu vyote tunavichukulia kuwa ni kutoa sababu tu.

Bosi akikuandikia u-"justify" matumizi fulani, usinune. Hajakutuhumu. Anataka sababu iliyokuwepo kabla hujatoa hela, inayosimama hata mkaguzi akiipekua.

Akisema una-"rationalise", hapo pazito. Maana hii ilienezwa mwaka 1908 na Ernest Jones, daktari kutoka Wales aliyekuwa mfuasi wa Freud, yule daktari aliyechunguza mambo yaliyojificha akilini mwa mtu: mtu ameshatenda kwa sababu asiyotaka kuikubali, halafu anatafuta nyingine nzuri ya kuifunika. Tuseme afisa manunuzi amenunua jenereta kwa shemeji yake kwa bei ya juu. Akiulizwa, anaeleza habari ya ubora na vipuri. Huenda jenereta ni nzuri kweli, ila ubora haukuwa akilini mwake siku ile ya kununua. Na huyu si lazima awe mwongo, maana mara nyingi maelezo yake ameyaamini mwenyewe kwanza. Ndiyo maana neno hili linauma: unaambiwa hujijui. Kwa mtu aliyekuzidi umri au cheo, mimi silitumii kabisa, hasa kikaoni.

Sasa ukifungua gazeti la huku utalikuta tena, na safari hii halimsemi mtu vibaya. Serikali ya Uganda ina mpango wa "rationalisation", yaani kuunganisha mashirika ya umma au kuyarudisha wizarani ili kubana matumizi. Novemba 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuipeleka Wizara ya Kilimo mamlaka ya kahawa, UCDA, na wabunge wakashikana mashati ukumbini. Jirani yako ofisini akisema shirika la mkewe limekuwa "rationalised", mpe pole na umuulize kama mama amepangiwa kazi wizarani.