Siku ya Kuchovya Churchkhela

Ilikuwa Oktoba, msimu wa rtveli, mavuno ya zabibu huko Kakheti, mashariki mwa nchi ya Georgia. Katika kijiji kimoja karibu na Telavi, zabibu za aina ya Rkatsiteli zilikuwa zimekwisha kukanyagwa na kumiminwa kwenye kwevri, mitungi ya udongo inayofukiwa ardhini hadi shingoni, ziwe divai. Juisi kidogo ilibakizwa kwa ajili ya churchkhela, kitamutamu cha jozi (walnut) zilizotungwa kwenye uzi na kuchovywa kwenye rojo la juisi ya zabibu, na asubuhi ile kazi ikaanza uani.

Jozi zilikuwa zimelowekwa usiku kucha, maana zikiwa kavu hupasuka zikichomwa sindano. Zilitungwa vipande nusunusu kwenye uzi mnene wa pamba, fundo kubwa likakaa chini. Uzi mmoja ulifungwa fundo dogo. Jozi zake zote zikaishia ndani ya sufuria.

Juisi ilichemka polepole, povu likienguliwa kila lilipopanda. Ilipopungua kiasi ikaepuliwa. Wengi huharibia hapa: unga ukitiwa kwenye juisi ya moto hufanya madonge yasiyovunjika tena. Bibi mwenye nyumba aliuvuruga unga wa ngano kwa juisi iliyopoa, kama tunavyovuruga uji, kiasi cha gramu 120 kwa lita, akauchuja, kisha akarudisha yote kwenye moto mdogo. Sukari hakutia hata chembe. Zabibu za Kakheti haziihitaji. Mwiko haukupumzika, kwani chini pakishika, sufuria nzima inanuka moshi.

“Bibi, bado?”

“Bado, mwanangu.” Akadondosha tone kwenye sahani. Likatiririka. La baadaye likatulia palepale, akaita nyuzi.

Kila uzi ulizamishwa, ukamwagiwa rojo kwa kijiko, ukainuliwa taratibu hadi matone yakakoma. Rojo likiwa jepesi, jozi hubaki wazi; likizidi uzito, ndani hapakauki na ukungu huingia. Nyuzi zikatundikwa kwenye ufito kivulini, penye upepo, zisigusane. Tabaka la kwanza lilipoacha kunata vidoleni, zikachovywa tena. Rojo lililobaki likamiminwa sahanini, watoto wakalimaliza.

Kukauka huchukua kama wiki moja. Baadaye hufungwa kwa kitambaa na kuwekwa mahali pakavu, pa baridi, hadi Mwaka Mpya. Kwa muda huo sukari ya zabibu hujitokeza juu kama vumbi jeupe, na wageni huidhania ukungu, wakachagua zile zinazong’aa kando ya barabara. Wenyeji hula hizo za vumbi.